SANDUKU MOJA, WENYEWE WAWILI

Katika kijitabu hiki wenzetu wameandika habari za hisa na mikopo. Sisi uongozi tumeona tuandike habari za ujumbe, maana kikundi chetu kiliponea chupuchupu kuvunjika kwa ajili ya ujumbe mmoja, wala si kwa ajili ya fedha.

Bagamoyo ni mji wa kungojea habari tangu zamani. Mwezi Novemba 1870 barua za Livingstone zilitoka Unguja, zikakaa hapa kwetu zaidi ya miezi mitatu na waliokabidhiwa kuzipeleka bara. Zilimfikia Ujiji mwishoni mwa 1871, Stanley ndiye aliyemfikishia. Kwa hiyo ujumbe kulala njiani si jambo jipya mjini kwetu.

Sisi wa miaka hamsini na kitu tunalikumbuka sanduku la posta. Barua haikuletwa nyumbani, ilikwenda kwenye S.L.P., na wenye sanduku walikuwa wachache. Basi mtaa mzima ulipitishia barua kwenye sanduku la shule, la misheni au la ofisi ya mtu. Mwalimu mwenye ufunguo akienda likizo, na barua zimekwenda likizo. Lakini angalau ulimjua wa kumwuliza. Simu nazo zilikuwa za Posta na Simu, mpaka Januari 1994 shirika lilipogawanywa, simu zikaenda TTCL na barua Shirika la Posta.

Kikundi chetu tulikianzisha mwaka 2015 chini ya mwembe, tukiwa wanawake ishirini na tano: wakaanga samaki, wakulima wa mwani wa Mlingotini, wasusi wa ukili na mama lishe. Tulinunua sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo wakapewa wanawake watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Simu ya kikundi ilikuwa moja tu, ile ndogo ya tochi, ikikaa kwa katibu. Mwenye shida anabipu, katibu anampigia.

Mwaka 2023 WhatsApp iliruhusu namba moja itumike kwenye simu zaidi ya moja. Tulifurahi jamani! Namba ya kikundi tukaiweka kwenye simu ya katibu hapa mjini na ya mweka hazina kule Mlingotini. Tukasema, wakisikiliza wawili, hakuna neno litakalopotea. Kumbe!

Usiku mmoja wa masika mwenzetu alituma ujumbe wa sauti. Mwanawe kashikwa na degedege, anaomba fedha za mfuko wa jamii akodi gari ya kwenda hospitali. Simu ya katibu ilikuwa mkononi mwa mjukuu akitazama katuni. Mtoto akaufungua ule ujumbe, akaupita. Alama ya ujumbe mpya ikafutika huku na kule. Mweka hazina alipotazama simu yake hakuona jipya, akalala. Katibu naye alipoichukua simu akaona ujumbe umekwisha funguliwa, akajua mwenzake ameushughulikia. Yule mama alingoja, hakujibiwa. Alfajiri akaweka rehani cherehani yake kwa jirani, akapata nauli. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu.

Jumamosi alikuja mkutanoni, akaweka kitabu chake cha hisa mezani. Akasema, "Mama mwenyekiti, sauti yangu inakwenda kwa watu wawili. Ilikuwaje nisijibiwe hata na mmoja?" Hatukuwa na la kusema. Wanawake sita wakasema akiondoka, nao wanaondoka.

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini sisi hatukugombania usukani, kila mmoja alidhani mwenzake ameushika. Hapo ndipo tulipolitazama lile sanduku la chuma na kuelewa. Fedha tunaogopa isije ikafunguliwa, ndiyo maana ina kufuli tatu. Ujumbe tunaogopa usije ukakosa wa kuufungua, kwa hiyo unataka mtu mmoja wa kuulizwa.

Tulikaa vikao viwili, tukaandika utaratibu huu:

Kwanza, kuna zamu. Wiki hii katibu, wiki ijayo mweka hazina, na mwenye zamu ndiye mwenye kujibu.

Pili, ukisikiliza ujumbe, jibu "nimesikia" papo hapo, kisha andika daftarini siku, saa, nani na amesaidiwa nini.

Tatu, asiye na zamu akifungua kwa bahati mbaya, airudishe alama ya kutosomwa na ampigie mwenye zamu.

Nne, simu ya kikundi haichezewi na watoto.

Tano, ugonjwa na msiba hautumiwi sauti. Piga simu, na usipopokewa piga kwa yule wa pili.

Cherehani tuliikomboa kwa mchango wetu viongozi watatu, si kwa fedha za kikundi. Yule mama alikichukua kitabu chake cha hisa pale mezani, na wale sita wakabaki. Leo ndiye mkaguzi wa daftari la ujumbe. Kila mkutano husimama akasoma ukurasa wa wiki, na palipo na jina lisilo na jibu, mwenye zamu anasimama kujieleza mbele ya wote. Hata sisi mwenyekiti tumekwisha simamishwa mara moja.

Ukituma neno, subiri "nimesikia". Usipoipata, tuulize bila haya.