Uhandisi wa ndege na anga (Kibera na Kawangware)

Uhandisi wa ndege na anga katika mitaa ya Kibera na Kawangware, magharibi mwa Nairobi, ni hasa kazi ya kutunza ndege zilizoundwa kwingine. Kitovu chake ni Uwanja wa Ndege wa Wilson, ng'ambo ya Barabara ya Lang'ata ukitoka Kibera. Ndege nyepesi hupita chini juu ya mabati ya mtaa huo mchana kutwa.

Uwanja wa Wilson

Uwanja huu wenye shughuli tele ulianza miaka ya 1930 kama kituo cha Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa 1929 na Florence Kerr Wilson, mwanamke jasiri wa biashara ya anga. Ulipewa jina lake 1962. Hanga zake hutengeneza Cessna Caravan zinazobeba watalii wa Maasai Mara, ndege za Madaktari Warukao wa shirika la afya la AMREF, za misaada, na za kupeleka miraa Somalia. Kazi hupanda na kushuka pamoja na wateja hao: Somalia ilipozuia miraa Machi 2020, soko hilo lilifungwa hadi Julai 2022.

Leseni na ngazi za kazi

Shahada pekee haimpi mtu haki ya kuidhinisha ndege iruke. Haki hiyo hutokana na leseni. Kwa viwango vya kimataifa, mwombaji awe ametimiza miaka 18, afaulu mitihani, na awe na uzoefu wa miaka 4, au 2 akiwa amehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa. Baadaye huongezewa idhini ya aina mahususi za ndege. Ngazi huanzia msaidizi, kisha fundi, kisha mhandisi mwenye leseni, hadi mkaguzi.

Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki, kilichoko Embakasi, kilianzishwa 1954. Shahada hutolewa na Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Kijana wa Laini Saba, Kibera, huziona hanga kila siku, lakini hapo ndipo anapokwama: chuo kinadai karo, hanga inadai uzoefu, na uzoefu haupatikani nje ya hanga. Kikwazo hiki ni kizito kuliko mitihani yenyewe.

Hali ya kazi

Matengenezo mengi hufanywa usiku, ndege zikiwa zimelala. Kuna kelele, mafuta na kuinama kwa saa nyingi, na anayetia sahihi ndiye anayewajibika. Wengi wenye leseni huvutwa na mishahara ya nchi za Ghuba.

Kawangware

Mtaa huu uko mbali zaidi na Wilson kuliko Kibera. Katika mtaa jirani wa Riruta ipo taasisi ya ufundi ya PC Kinyanjui, kwa wanaotaka kujifunza ufundi.

Anga za juu

Kazi ya anga za juu imefanyika nje ya mitaa hii. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018. Taifa-1, setilaiti nyingine ya Kenya, ilirushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023.