Nyenje: Jina Moja, Wadudu Wengi

Katika kusanifu istilahi za elimu ya viumbe tumekutana mara nyingi na neno nyenje. Kuna walitumialo kwa mdudu mdogo aliaye usiku majanini, na kuna walitumialo kwa yule akaaye mitini na kupiga kelele mchana kutwa. Chenene hatusumbui, mchimbaji wa ardhi hachanganywi na mwingine.

Tusijilaumu upesi. Mwaka 1758 Linnaeus mwenyewe aliwaweka nyenje, panzi, nzige na hata vunjajungu katika jenasi moja, Gryllus. Mwaka 1915 wataalamu wawili wa Marekani, Rehn na Hebard, walilinganisha nyenje wa mashambani waliokaushwa. Walipoona kwamba rangi, ukubwa na urefu wa mabawa haviwatengi, wakakata shauri kuwa wote wa bara lile ni spishi moja. Uamuzi huo ulidumu miaka mingi.

Aliyeutikisa ni B. B. Fulton wa North Carolina, naye alianza kwa kusikiliza. Alitambua makundi manne yaliyotofautiana kwa mlio, kwa makao na kwa majira ya kupevuka. Tena alipojaribu kuyachanganya hayakuzaana. Alichapisha habari hizo mwaka 1952, na mwaka 1957 Alexander akayapa makundi hayo hadhi ya spishi. Mojawapo aliliita fultoni, na kwa maoni yetu heshima hiyo ilistahili.

Sababu yake ni wazi. Dume husugua mabawa ya mbele ili kumwita jike, na jike, ambaye masikio yake yamo katika miguu ya mbele, hufuata mwito wa spishi yake. Wadudu walikuwa wakitambuana kwa alama isiyoweza kubaki katika maiti iliyochomwa pini. Hata hivyo mwenye kusikiliza apime na joto la usiku, maana penye baridi mlio hupungua kasi. Dolbear aliliandika jambo hili mwaka 1897.

Kwa hiyo twapendekeza nyenje abaki kuwa huyu wa usiku, asuguaye mabawa. Yule wa mitini hulia kwa ngozi mbili zilizo ubavuni mwa tumbo, naye atafutiwe jina lake. Wasomaji wenye majina ya kwao tunawaomba watuletee, pamoja na maelezo ya mlio, saa na mahali uliposikiwa.