Bunduki ya Zamani Haielezwi kwa Kukisia



Mtu aliyekulia Kibiti, Mohoro au katika visiwa vya delta ya Rufiji hana haja ya kwenda mbali ili asikie habari za silaha za kale. Akitajwa Mjerumani hutajwa bunduki, na ikitajwa bunduki hutajwa manowari Königsberg. Kwa hiyo chuma chochote chenye mtutu na kutu huweza kupewa jina la "bunduki ya Königsberg". Makala hii yaeleza kwa nini jina hilo lisitolewe ovyo, na jinsi ya kuandika maelezo ya kweli ya bunduki ya vita ya zamani. Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi, kwa kuwa katika nchi za nje silaha za namna hiyo huuzwa kwa mnada wa intaneti, na mnunuzi haoni ila picha na maneno ya muuzaji.

Tuanze na historia. Vita vya Majimaji vilipozuka Umatumbi mwezi Julai 1905, wapiganaji wetu walikuwa na mikuki, mishale na magobori, yaani bunduki za kushindilia baruti mdomoni. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Askari wa Kijerumani walikuwa na bombomu na bunduki za Mauser za mfano wa 1871. Hapo tayari tuna aina mbili za bunduki katika eneo moja: gobori la mwananchi na Mauser ya serikali ya kikoloni. Anayeita gobori "bunduki ya Mjerumani" amemnyang'anya mpigania uhuru silaha yake na kumpa adui.

Miaka tisa baadaye ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba karibu na Salale. Waliizingira kwa miezi mingi, hata zilipoletwa meli mbili ziwezazo kupita katika maji machache, Severn na Mersey. Hizo ziliishambulia tarehe 6 Julai 1915, zikarudi tarehe 11 Julai, na siku hiyo Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa kwa nguvu za mamia ya watu mpaka Dar es Salaam, na huko ikatengenezewa magurudumu ipate kupigana nchi kavu.

Hiyo ni mizinga. Bunduki za mkononi zilikuwa na njia nyingi zaidi za kuingia nchini. Vita vilipoanza, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yalikuwa bado na Mauser ya 1871, ambayo baruti yake hutoa moshi mwingi na kumfichua mpigaji. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walishindwa Tanga, wakaacha mamia ya bunduki zao. Mwezi Aprili 1915 meli Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na silaha na risasi. Ilipigwa, lakini shehena kubwa iliokolewa majini. Mwezi Machi 1916 meli Marie ilishusha shehena nyingine Sudi, mkoani Lindi. Mwezi Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akaiteka kambi ya Wareno ya Ngomano na kuchukua silaha zake.

Sasa tazameni mwisho wake. Wajerumani waliposalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala ya Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, walikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Jeshi la Kijerumani, bunduki za wenzao! Basi mzee akisimulia kwamba babu yake alikuwa askari wa Mjerumani na aliiacha bunduki hii, huenda asema kweli tupu, na bunduki yenyewe ikawa imetengenezwa Uingereza. Hadithi haitoshi kuitambulisha bunduki, wala bunduki haitoshi kuibatilisha hadithi. Kila kimoja kichunguzwe peke yake.

Mfano mzuri uko Mombasa. Katika Ngome ya Yesu umewekwa mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus, wa mwindaji na wa mawindo. Mzinga wa Kijerumani una kipenyo cha milimita 105, na wa Kiingereza inchi 4, yaani milimita 101.6. Tofauti haifiki milimita 4. Kwa macho matupu mtu ataibadilisha, lakini kwa kipimo hawezi.

Na bunduki ni vivyo hivyo. Mauser ya 1871 ina kipenyo cha milimita 11 na hupakiwa risasi moja moja. Mauser ya 1898 hutumia risasi za milimita 7.92 na hubeba 5. Lee-Enfield ya Kiingereza ni milimita 7.7. Mauser-Vergueiro ya Kireno, ya mfano wa 1904, ni milimita 6.5. Hapo kwenye 7.7 na 7.92 jicho halitoshi.

Je, maelezo sahihi huandikwaje? Kwanza ni usalama. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka fundi wa silaha mwenye mamlaka aithibitishe kuwa tupu. Haichezewi, wala haijaribiwi kupigwa.

Pili, isisuguliwe. Msasa huondoa kutu pamoja na mihuri, na muhuri ukifutika hakuna awezaye kuurudisha.

Tatu, maandishi yote yanakiliwe kama yalivyo, herufi kwa herufi, na iliyofutika iachiwe nafasi. Hapa pana kosa moja kubwa, nalo ni kuchukua mwaka wa mfano kuwa ni mwaka wa kutengenezwa. Maandishi "Gew. 98" yaonyesha mfano ulioidhinishwa 1898, bunduki yenyewe yaweza kuwa ya 1912 au 1916, na mwaka huo hutafutwa juu ya chuma kinachoshika mtutu, pamoja na jina la kiwanda kama Spandau, Erfurt au Danzig. Kosa hili si dogo. Huko Marekani bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa na sheria ya nchi nzima ya 1968 kuwa ya kale, na iliyotengenezwa baadaye ni silaha kama silaha nyingine. Neno moja katika tangazo laweza kumpeleka muuzaji mahakamani.

Nne, zisomwe namba za kila kipande: mtutu, komeo, kitako. Zikilingana, iandikwe, zisipolingana, iandikwe vilevile. Bunduki iliyopita mikono mingi hupata vipande vya kuazima. Hilo si aibu ya bunduki, bali aibu ni ya anayelificha.

Tano, kasoro zitajwe kabla ya sifa, na picha zipigwe pande zote, kipimo kikiwa kando.

Sita, masimulizi yatengwe na ushahidi. Huu hapa mfano wa kubuni:

"Bunduki ya kijeshi ya Kijerumani, Mauser, mfano wa 1871. Hupakiwa risasi moja moja. Kipenyo milimita 11. Namba ya mtutu na ya komeo hazilingani. Kitako kina ufa wa sentimita 6 upande wa kulia. Mwaka wa kutengenezwa hausomeki. Mwenye mali asimulia kuwa ilipatikana Rufiji. Hakuna maandishi ya kuthibitisha."

Sentensi hizo ni kavu, na hazitapandisha bei kama jina la Königsberg. Lakini mnunuzi hatadanganywa, na mwanahistoria ajaye atakuwa na pa kuanzia. Sisi tunaofanya kazi serikalini twajua kwamba jalada lenye kosa moja huzaa majalada kumi yenye kosa hilohilo.

Hapana budi pia tuseme wazi habari ya sheria. Yote niliyoeleza juu ya minada ni ya nchi zinazoiruhusu. Kwetu mtu haweki bunduki mnadani kama auzavyo baiskeli. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yataka kibali, na uzee wa bunduki usimdanganye mtu. Kibiti, iliyoshuhudia viongozi wa vijiji na askari polisi wakiuawa mwaka 2017, yajua kuliko wengi kwamba bunduki iliyofichwa darini si mapambo. Anayeikuta nyumbani kwa marehemu asiibebe barabarani. Amweleze mwenyekiti wa kijiji na polisi waje waichukue. Lakini hata hapo maelezo yale yale sita yana kazi. Kitu kikipelekwa polisi, na pengine kutoka huko Makumbusho ya Taifa, kikiwa na karatasi inayosema kilipatikana wapi na kwa nani, ni historia. Kikipelekwa bila karatasi ni chuma chakavu.

Wanafunzi, kazi hii yaweza kuanza leo bila kugusa silaha yoyote. Andikeni masimulizi ya wazee wa delta: jina la msimulizi kwa ridhaa yake, tarehe, mahali, na maneno yake kama alivyoyasema. Ulizeni habari za wale waliokokota mizinga ile kumi, maana vyuma vimehifadhiwa Mombasa na Pretoria, lakini majina ya waliovivuta hayakuchongwa juu yake. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ni senti chache, na wazee wanapungua kila mwaka.