Maamba: Mgodi wa serikali ulioishia kwa mwekezaji

MGODI wa makaa ya mawe wa Maamba, ulioko wilayani Sinazongwe kusini mwa Zambia, ulizaliwa na mzozo wa kisiasa. Mnamo Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru katika Rhodesia Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Zambia, iliyokuwa huru kwa mwaka mmoja tu, ilitegemea makaa ya Wankie, ng'ambo ya mto Zambezi, kuyeyushia shaba na kuendeshea treni. Rais Kenneth Kaunda hakuwa tayari kuuacha uchumi wa nchi yake mikononi mwa hasimu.

Machimbo ya kwanza yalifunguliwa Nkandabwe mnamo 1966, kisha shughuli zikahamia Maamba. Huko hakuna mahandaki: udongo na mawe ya juu huondolewa, makaa yakachotwa peupe. Kwa kuwa reli ilikuwa juu ya miinuko, shehena ilipandishwa kwa ndoo zilizoning'inia kwenye nyaya hadi kituo cha Masuku.

Kwa takriban miaka 40 mgodi ulimilikiwa na serikali kupitia mashirika ya umma. Kilichouangusha si kwisha kwa makaa bali ukosefu wa mtaji. Mitambo ilichakaa, uzalishaji ukadorora, na marundo ya makaa hafifu yaliyotupwa kando yakawa yakishika moto yenyewe na kuchafua hewa ya wakazi.

Mnamo 2010, kampuni ya Nava Bharat kutoka India ilichukua asilimia 65 ya hisa kupitia kampuni yake tanzu ya Singapore. Asilimia 35 zilibaki kwa ZCCM-IH, ambayo mwenye hisa mkuu ni serikali yenyewe. Kwa hivyo dola haikutoka kabisa. Mwekezaji alijenga kituo cha umeme cha megawati 300, kilichoanza kuzalisha 2016, kikitumia makaa yale yale hafifu yaliyodharauliwa zamani.

Mnunuzi wa umeme huo ni ZESCO, shirika la serikali, ambalo lililimbikiza deni la mamia ya mamilioni ya dola. Hata hivyo, ukame wa 2024 ulipokausha mabwawa yanayozalisha sehemu kubwa ya umeme wa Zambia, Maamba ilikuwa miongoni mwa mitambo michache isiyongojea mvua. Mwaka huo huo upanuzi wa megawati nyingine 300 ulikuwa tayari umeanza.