Maporomoko ya Gogo na hesabu ya mafuta

Mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni iliyokuwa ikichimba shaba na dhahabu huko Macalder, Nyatike, kusini-magharibi mwa Kenya, iliziba Mto Kuja kwenye maporomoko ya Gogo na kufunga mitambo miwili, kila mmoja wa megawati 1. Wakati huo nishati safi na mabadiliko ya tabianchi havikuwa gumzo la kawaida. Waliotoa fedha walikuwa watu wa faida: nyuma ya Macalder-Nyanza Mines lilikuwapo shirika la maendeleo la makoloni la serikali ya Uingereza, ambalo lilipaswa kujilipa.

Hesabu yao si ngumu kuifuata. Mgodi hula umeme mchana na usiku. Pampu hutoa maji shimoni, vinu husaga mawe, mashine huvuta mizigo juu. Kuendesha yote hayo kwa dizeli kulitaka mafuta yatoke pwani ya Mombasa kwa reli hadi Kisumu, kisha yavushwe ziwani au yapitishwe kwenye barabara za udongo ambazo mvua za masika huzigeuza tope. Mto Kuja, kwa upande wake, ulikuwa ukishuka kutoka milima ya Kisii bila kudai nauli. Pale Gogo unateremka mwambani kwa kishindo, na mgodi hauko mbali.

Kwa hiyo umeme wa maji uliingia Nyanza Kusini kupitia mlango wa mhasibu. Jambo hili halitajwi sana, nalo linastahili kutajwa, kwa sababu hadithi ya nishati safi husimuliwa siku hizi kana kwamba ilianzishwa na wapenzi wa mazingira peke yao.

Mahali penyewe pana historia ndefu kuliko mgodi. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Peter Robertshaw alichimba karibu na maporomoko hayo na kukuta vigae vya vyungu vya aina ya Kansyore, vya watu walioishi kwa kuvua na kuwinda, na juu yake masalia ya wafugaji waliofika baadaye. Watu walikuwa wakiufuata mto huo kwa riziki maelfu ya miaka kabla ya wenye shaba kuuona.

Mgodi wa Macalder ulifungwa mwaka 1966. Shaba iliyokuwa ikisafirishwa nje haikuonekana tena, na kilichobaki ni marundo ya mabaki ya mchanga ambayo wachimbaji wadogo wangali wakiyachokoa wakitafuta dhahabu. Lakini mitambo ya Gogo haikuzimwa. Iliingizwa katika mfumo wa umeme wa taifa, na leo iko chini ya kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen, ikiwa miongoni mwa vituo vikongwe vya umeme wa maji nchini. Kampuni ilikufa, chombo ilichokijenga kwa ajili ya faida yake kikawa mali ya umma.

Kaskazini ya Nyatike liko Bonde la Lambwe, ambako nguzo za umeme zilichelewa mno. Historia ya bonde hilo iliamuliwa na mbung'o. Malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo viliwafanya watu waliogope kwa miaka mingi, na serikali ilipotenga sehemu yake kuwa hifadhi mwaka 1966, mwaka uleule Macalder ilipofungwa, lilikuwa bado pori la korongo na nyati. Mwaka 1983 sehemu hiyo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Kaya za pembezoni ziliendelea kuwasha koroboi.

Ukivuka bonde hadi Mbita, kando ya Ziwa Victoria, unakutana na wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwa, na hapa hesabu ya Gogo inajirudia mikononi mwa watu wasio na bwawa wala mtaji.

Omena huvuliwa usiku usio na mbalamwezi. Taa huelea juu ya maji, wadudu huja kwenye mwanga, omena hufuata, kisha wavu wa matundu madogo huzungushwa. Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Mvuvi aliijaza mafuta ya taa, akaipiga pampu mpaka ivume, halafu akaomba upepo usichafuke, maana utambi wake ukishaungua huwa majivu yaliyoshikana tu. Wimbi moja likiutikisa, unabomoka na mwanga unakwisha. Taa moja ilikunywa mafuta usiku kucha, na mtumbwi ulibeba taa kadhaa. Omena walipokosekana, deni la mafuta lilibaki palepale.

Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Osram ya Ujerumani na shirika la Global Nature Fund walifungua Mbita kituo cha kukodisha taa na betri zinazochajiwa kwa jua, chini ya mradi ulioitwa Umeme Kwa Wote. Mvuvi aliweka amana, akachukua taa jioni, akairudisha asubuhi. Wavuvi ni watu wa kushika desturi: nyavu, mwezi na mahali pa kutega hurithiwa. Waliokubali taa mpya hawakuhitaji mahubiri kuhusu moshi. Walilinganisha gharama ya usiku mmoja na usiku mwingine.

Kenya yenyewe imesimama kwenye njia panda hiyo, kati ya mafuta na nishati safi. Machi 2012 mafuta ghafi yaligunduliwa Turkana, katika kisima cha Ngamia 1. Miaka 7 baadaye, Agosti 2019, shehena ya kwanza iliondoka Mombasa kwenda kuuzwa nje. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, ng'ambo ya pili ya Ziwa Turkana, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amezindua mradi wa umeme wa upepo wa megawati 310 huko Loiyangalani. Taifa lililokuwa likishangilia pipa la mafuta lilikuwa tayari linapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo.

Mfano mkubwa zaidi uko Texas, jimbo la Marekani ambalo jina lake halitengani na mafuta. Mwaka 1999 gavana wake, George W. Bush wa chama cha Republican, alitia saini sheria iliyoyataka makampuni ya umeme yaongeze megawati 2,000 za nishati jadidifu katika miaka 10. Lengo lilipitwa mapema, na kufikia 2006 Texas ilikuwa imeipiku California kwa umeme wa upepo. Wenye mashamba, wengi wao wahafidhina, walilipwa pango la ardhi na wenye mitambo ya upepo iliyosimama kando ya visima vyao vya mafuta. Mji wa Georgetown, chini ya meya Dale Ross, Republican na mhasibu kwa taaluma, ulitangaza mwaka 2015 kuhamia umeme wa upepo na jua. Baadaye bei ya gesi iliposhuka, mji huo ulipata hasara katika mikataba yake. Hesabu inayomleta mtu kwenye nishati safi inaweza pia kumwadhibu asipokuwa makini.

Gogo nayo ina adhabu yake. Udongo unaomomonyoka kutoka mashamba ya juu umejaza bwawa, na megawati 2 za enzi ya mkoloni hazitoshi tena. KenGen ina mpango wa kukijenga upya kituo hicho hadi megawati 8.6. Wenye mamlaka wasikiapo tarakimu hiyo wakumbuke mashamba ya Kisii, kwa kuwa bwawa jipya litajaa kama la zamani miteremko isipopandwa miti na kuchimbwa matuta. Tena wakumbuke Nyatike. Mwaka 1958 umeme wa Gogo ulikwenda mgodini ukiwapita wanakijiji. Safari hii waya ufike kwanza kwenye nyumba zinazosikia kishindo cha maporomoko.