Wapalestina Mbele ya Mahakama ya Mataifa

Mtu akidhulumiwa na jirani yake huenda kwa hakimu kudai haki. Je, taifa likidhulumiwa liende wapi? Zamani jibu lilikuwa fupi: mwenye nguvu mpishe. Baada ya Vita Kuu ya Pili mataifa yalitafuta jibu bora, na mwaka 1945 Hati ya Umoja wa Mataifa iliweka Mahakama ya Kimataifa ya Haki, yenye majaji 15, katika mji wa The Hague, Uholanzi. Habari za Wapalestina zatuonyesha nguvu ya mahakama ya namna hii, na udhaifu wake pia.

Shida yao ya kwanza ilikuwa kuingia mlangoni. Katika vita vya mwaka 1948, dola ya Israeli ilipoundwa, Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao. Mwaka 1967 Israeli ilitwaa Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu ya Mashariki na Gaza. Lakini katika Mahakama hiyo dola peke yake ndizo ziwezazo kushtakiana, na Wapalestina walikuwa taifa lisilo na dola. Basi mwaka 2003 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliwaulizia majaji juu ya ukuta uliokuwa ukijengwa na Israeli katika Ukingo wa Magharibi. Tarehe 9 Julai 2004 majaji 14, mmoja akipinga, walisema kuwa ujenzi ule ulivunja sheria. Israeli, iliyodai kuwa ukuta ni kinga ya raia wake, haikuubomoa.

Mlango wa pili ulikuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoanza mwaka 2002, ambayo hushtaki watu wala si dola. Wapalestina walibisha hodi mwaka 2009. Mwaka 2012 mwendesha mashtaka alijibu kwamba si kazi yake kuamua kama Palestina ni dola. Novemba ya mwaka huo Baraza Kuu, kwa kura 138, liliitambua Palestina kuwa dola mtazamaji. Tarehe 1 Aprili 2015 ikawa mwanachama wa Mahakama hiyo, na mwaka 2021 uchunguzi ukafunguliwa.

Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao waliishambulia Israeli, wakaua watu wapatao 1,200 na kuteka wengine kama 250. Vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu ya Wapalestina katika Gaza. Desemba hiyo Afrika Kusini iliishtaki Israeli kwa kuvunja Mkataba wa mwaka 1948 unaokataza mauaji ya kimbari, Israeli ilikana. Januari 2024 majaji waliiagiza Israeli izuie matendo yaliyokatazwa na Mkataba huo na iruhusu misaada. Julai walisema, katika shauri jingine, kwamba ukaliaji wa ardhi ya Palestina ni haramu. Novemba Mahakama ya Jinai ilitoa hati za kuwakamata Benjamin Netanyahu, Yoav Gallant, na Mohammed Deif wa Hamas, ambaye baadaye alithibitika kuwa amekufa. Hata hivyo, Aprili 2025 Netanyahu alizuru Hungaria, iliyokuwa mwanachama wa Mahakama, wala hakukamatwa.

Basi hukumu isiyo na askari yafaa nini? Afrika ina jibu. Mwaka 1960 Ethiopia na Liberia ziliishtaki Afrika Kusini kwa jinsi ilivyoitawala nchi ambayo leo ni Namibia. Mwaka 1966 majaji waligawanyika saba kwa saba, na kura ya rais wao ikayatupa madai. Wadai wa haki hawakukata tamaa. Mwaka 1971 Mahakama ilitamka kuwa utawala ule ni haramu, na Namibia ikapata uhuru mwaka 1990. Hukumu haikuwafukuza watawala. Iliwanyima hoja, ikayakumbusha mataifa wajibu wao. Na nchi iliyoshtakiwa wakati ule, ilipokwisha kubadilika, ndiyo iliyobeba madai ya Wapalestina.

Mahakama ni mizani. Mizani huonyesha uzito wa mzigo, lakini haiubebi; kuubeba ni kazi ya mataifa. Miaka 19 ilipita kati ya neno la majaji na uhuru wa Namibia, na wengi waliokuwa wakiungoja hawakuuona. Mataifa yakichelewa tena, gharama italipwa na walio chini ya mzigo.