Ukoo Uliopikwa Ugenini

Mwanafunzi wa Kifilipino anayefika leo Seattle au Los Angeles hakosi pa kula siku ya Jumapili. Atampata tita, yaani shangazi, ambaye huenda hana undugu wa damu na baba yake wala mama yake, na kabla ya kuulizwa habari za masomo ataulizwa “Kumain ka na ba?”, umeshakula? Mezani kutakuwa na wali, pancit na lumpia, pamoja na wazee ambao atawashika mkono na kuugusisha kwenye paji la uso wake kwa heshima. Wengi huuona mkusanyiko huo kama mila ya kijijini iliyopakiwa sandukuni na kufunguliwa ng’ambo ikiwa nzima. Ninaamini historia inatuonyesha jambo jingine. Ukoo huo wa ugenini uliundwa upya hukohuko, na walioanza kuuunda ni wanafunzi na vibarua ambao sheria za Marekani ziliwanyima familia ya kawaida. Mahali walipouundia ni jikoni.

Turudi mwanzo. Marekani iliichukua Ufilipino kutoka kwa Hispania mwaka 1898, kwa mapatano ya dola milioni 20, na mwaka 1903 serikali ya kikoloni ikapitisha sheria ya kuwapeleka vijana kusoma Marekani kwa gharama ya umma. Kundi la kwanza lilikuwa la vijana wapatao mia moja, waliojulikana kama pensionado. Wengi waliwekwa kwenye nyumba za Wamarekani, ili pamoja na hesabu na sheria wajifunze pia kula na kuketi kama wenyeji wao. Mwaka 1904, kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis, Wafilipino zaidi ya elfu moja waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe, na kilichovuta umati kuliko vyote kilikuwa kuwaona Waigorot, watu wa milimani Ufilipino, wakila nyama ya mbwa. Kiangazi hichohicho baadhi ya pensionado waliletwa kwenye maonyesho wawe waelekezi na wahudumu wa mezani. Kijana aliyetumwa kusomea utawala wa nchi yake alibeba sahani za wageni, huku ng’ambo ya uzio chakula cha wananchi wenzake kikitumika kuthibitisha ushenzi wao. Ndiyo maana siwezi kuuona mlo wa Jumapili kama burudani tu. Kwa kizazi hicho, kukila chakula cha kwao hadharani na kukifurahia kulihitaji moyo.

Baada yao walikuja waliofanya kazi ili wasome. Maria Orosa wa Batangas alifika Seattle mwaka 1916, akasomea kemia ya dawa na ya vyakula, na wakati wa kiangazi alifanya kazi katika viwanda vya kusindika samaki vya Alaska. Aliporudi nyumbani aliutumia ujuzi huo kwa mazao ya kwao, na ndiye anayetajwa kuwa mgunduzi wa kechapu inayotengenezwa kwa ndizi. Wengi hawakubahatika hivyo. Philip Vera Cruz alifika mwaka 1926 akiwa na nia ya kusoma, akapata nafasi Chuo Kikuu cha Gonzaga, Spokane, lakini akaacha baada ya muda mfupi kwa sababu mshahara wake ulihitajika kuwasomesha wadogo zake. Kati ya mwaka 1920 na 1929 Wafilipino wapatao 31,000 waliingia California, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wanaume. Mwaka 1933 jimbo hilo liliwapiga marufuku kuoa wanawake wa Kizungu. Mwaka uliofuata sheria ya Bunge la Marekani ikabana mlango, wakaruhusiwa wahamiaji 50 tu kwa mwaka. Jamii ikabaki ya vijana wa kiume, bila mama, bila bibi, na shangazi wakiwa wa kuhesabika.

Basi wakapika wao. Kule Alaska, vichwa vya samoni ambavyo kiwanda kilivitupa viliingia kwenye sinigang, mchuzi ambao nyumbani huchachushwa kwa ukwaju na ugenini kwa chochote kikali kilichopatikana. Katika kambi za mashamba ya asparaga karibu na Stockton kilipikwa adobo: nyama, siki, kitunguu saumu na pilipili manga ndani ya sufuria moja, na mpishi haingizi mwiko mpaka siki ichemke vya kutosha na ule ukali mbichi uishe. Ni chakula cha mtu asiye na jokofu, kwa kuwa siki huzuia nyama isiharibike upesi. Wakati huo neno manong, ambalo kwa Kiilokano ni heshima kwa kaka mkubwa, likawa jina la mwanaume yeyote aliyetangulia kufika. Mjini Stockton, Pablo Mabalon aliendesha mgahawa wa Lafayette Lunch Counter, mahali ambapo kibarua asiye na anwani alikula kwa mkopo mpaka msimu wa mavuno na barua zake kutoka nyumbani zikamsubiri. Mwandishi Carlos Bulosan alikuwa mmoja wa waliopokelea barua hapo. Kazi hizo mbili, kumlisha mtu na kumtunzia barua za mama yake, kwa kawaida ni za ndugu.

Atakayepinga atasema ukoo mpana ni wa Wafilipino tangu zamani: wana ninong na ninang, wazazi wa ubatizo, na hata kuya na ate, majina ya kaka na dada mkubwa, ni ya miaka mingi. Ni kweli, lakini majina hayo yenyewe yanaunga mkono hoja yangu. Kuya na ate yana asili ya Kihokkien cha wafanyabiashara Wachina, tita na ninong ni ya Kihispania, na adobo nayo ni jina la Kihispania lililopachikwa upishi wa siki ambao wageni waliukuta visiwani. Hawa ni watu waliozoea kwa karne nyingi kugeuza cha mgeni kuwa cha nyumbani. Desturi iliwapa mbinu, ila watu wa kuwaita kaka walipaswa kutafutwa. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba ule ulikuwa uchumi wa shida, na ujamaa ukatumika kuficha unyonyaji. Nakubali kwamba wapo mawakala wa vibarua waliokata gharama za chakula kwenye mshahara kuliko haki, huku wakiitwa manong. Hata hivyo, udugu unaoweza kusalitiwa ni udugu uliokuwapo, na ndiyo maana usaliti huo uliwauma mno.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa mwaka 1965. Mwezi Septemba manong hao, sasa wakiwa wazee, Vera Cruz akiwa miongoni mwao, waligoma katika mashamba ya zabibu ya Delano. Ukumbi wa jumuiya ya Wafilipino ukawa jiko la mgomo, na Wameksiko waliojiunga nao wakala hapo. Mwezi Oktoba ikatiwa saini sheria mpya ya uhamiaji iliyotoa kipaumbele kwa wanafamilia, na ndege zikaanza kuwaleta mashangazi wa kweli. Kwa manong wengi walikuwa wamechelewa. Wanaume hao walikuwa wamezeeka bila wake wala watoto. Chama chao cha wafanyakazi wa mashambani kikawajengea makao palepale Delano, Agbayani Village, yaliyofunguliwa mwaka 1974 yakiwa na jiko na ukumbi wa kulia wa pamoja. Maelfu ya watu walijitolea kuyajenga, na wengi wao walikuwa wanafunzi wa Kifilipino waliozaliwa Marekani, waliosafiri wikiendi kwenda kusaidia ujenzi na kisha kuketi kula na wazee ambao hawakuwa babu zao.